Kengele Juu ya Zebaki: Kubuni Asili ya Roboti Wanaoendeshwa na Roho Zilizofungwa

Anayebuni jamii ya roboti wanaoendeshwa na roho zilizofungwa mara nyingi huanza na mwili: chuma cha rangi gani, macho yanawaka vipi, kimo ni mita ngapi. Kisha huweka mchawi mmoja na usiku mmoja wa radi, na jeshi zima linaamka. Kufikia sura ya tatu hadithi imeanza kuvuja. Msomaji anauliza roho hizi zilikuwa za nani, kwa nini haziondoki, nani alizihesabu, na kwa nini yule mchawi hakuajiri watu tu. Maswali hayo hayajibiwi kwa kuongeza chuma. Yanajibiwa kwa kubuni kufuli kwanza, yaani kile hasa kinachoizuia roho isitoke. Ukilijua kufuli, utajua nani angeweza kulitengeneza, malighafi yake inatoka wapi, linaharibika kwa namna gani, na siku likiharibika nini kinatokea. Asili ya jamii nzima imo humo.

Neno roboti lenyewe lilizaliwa na shuruti ndani yake. Lilitokea katika R.U.R., tamthilia ya Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920 na kuonyeshwa Prague mwaka uliofuata. Kaka yake, Josef, ndiye aliyempendekezea. Katika Kicheki, robota ni kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi. Wengi husahau kuwa viumbe wale hawakuwa wa chuma. Walikuwa wa nyama ya kutengenezwa kiwandani, na waliowatengeneza waliona roho ni gharama isiyo na sababu. Roboti wa roho iliyofungwa ni kinyume chake kabisa: roho ndiyo iliyotakiwa tangu mwanzo, na mwili umebuniwa ili kazi ya roho hiyo ipatikane.

Waliowahi kuifunga

Wazo la roho ndani ya kitu kilichotengenezwa ni la kale sana, na mtunzi anayelipitia harakaharaka anajinyima vifaa vilivyo tayari. Saqqara, kando ya piramidi ya ngazi ya Farao Djoser, kuna chumba kidogo cha mawe ambamo yapata miaka 4,600 iliyopita iliwekwa sanamu ya mfalme huyo. Ukutani, mbele ya macho ya sanamu, yalitobolewa matundu mawili ili ka yake, yaani roho yake, ione nje. Matundu yale mawili yana somo: roho ikishawekwa mahali inahitaji dirisha, na asiyeipa dirisha atakuwa na mashine inayojigonga kutani.

Kwa Wakongo wa Afrika ya Kati, mchongaji alichonga umbo la nkisi na kulikabidhi likiwa mti mtupu. Nganga ndiye aliyelitia nguvu, kwa kuweka ndani ya tundu la tumboni au kichwani dawa zinazoitwa bilongo, ukiwemo udongo wa kaburini, kisha akaliziba, mara nyingi kwa kioo. Zile za aina ya nkondi zilipigiliwa misumari na vipande vya chuma, kila kimoja kikiwa ni kiapo au shauri lililokabidhiwa. Tazama mgawanyo huo wa kazi. Anayetengeneza mwili na anayeweka kilicho ndani ni watu wawili, wenye elimu mbili na maslahi mawili. Hadithi nyingi za roboti wa roho huwaunganisha kuwa mtu mmoja, na papo hapo hupoteza nusu ya ugomvi wao.

Mesopotamia ilikuwa na ibada ya kuosha kinywa cha sanamu ili mungu aingie. Katika ibada hiyo mikono ya mafundi ilifungwa na kukatwa kwa mfano tu, kwa upanga wa mti wa mtamariski, nao wakaapa kuwa si wao walioitengeneza. Fundi anayeapa kwamba hakutengeneza alichokitengeneza: huyo ni mhusika anayesubiri kuandikwa. Kila jamii ya roboti wa roho ina kizazi cha mafundi waliokana mikono yao.

Maandishi yaliyo karibu zaidi na somo letu ni mawili. La kwanza ni Asclepius, mazungumzo ya Kilatini yanayohusishwa na jina la Hermes, yanayosema kuwa wahenga, kwa kuwa hawakuweza kuumba roho, waliziita roho za mashetani au malaika na kuzitia ndani ya sanamu. Augustino aliyashambulia maneno hayo katika kitabu cha nane cha Mji wa Mungu. La pili ni Lokapannatti, kitabu cha Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, chenye simulizi ya mashine za Roma zilizoitwa bhuta vahana yanta, mashine zinazoendeshwa na pepo. Siri yake haikuruhusiwa kutoka, na fundi aliyeondoka nayo aliuawa na mashine zilezile. Lakini mchoro alikuwa ameuficha ndani ya paja lake, na kwa njia hiyo ukafika Pataliputra, mji wa kale wa India. Huko mashine ziliwekwa kulinda masalia ya Buddha kwa amri ya Mfalme Ajatashatru, hadi Mfalme Ashoka alipozikuta vizazi baadaye, bado ziko kazini. Katika simulizi fupi kiasi hicho kuna teknolojia inayolindwa, wizi wake, na walinzi ambao hakuna aliyekumbuka kuwapumzisha.

Kwa upande wa kufuli, Wagiriki ndio walioeleza wazi kuliko wote. Talos, yule mtu wa shaba aliyezunguka Krete mara tatu kwa siku, alikuwa na mshipa mmoja kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, ukizibwa na msumari mmoja. Medea alipouchomoa, uhai wote ulimwagika. Golemu wa Kiyahudi, mtu wa udongo aliyeamshwa, hufungwa kwa neno emet, ukweli. Futa herufi ya kwanza libaki met, amekufa. Lakini golemu hana roho, na katika Talmudi anatambulika kwa dalili moja: anasemeshwa, hajibu. Roboti wetu hujibu. Hilo ndilo linalomtisha mmiliki wake.

Roho si betri

Kosa linaloua hadithi nyingi ni kuichukulia roho kama betri bila kupiga hesabu. Mwili wa mtu mzima aliyekaa tu hutumia wati 100 hivi, ambazo kwa siku ni kama kilokalori 2,000. Tuseme roho ina nguvu hiyohiyo. Roboti wa tani moja akipanda ghorofa moja, mita 3, anahitaji jouli 29,430. Kwa wati 100 atatumia sekunde 294, karibu dakika tano kwa ngazi za ghorofa moja, na hapo hatujatoa msuguano wa viungo. Jeshi la namna hiyo unalikimbia kwa kutembea.

Watunzi wengine hukwepa kwa kumlaza roboti saa 22 ili akusanye nguvu ya kufanya kazi saa 2. Hesabu inaleta wati 1,200, zaidi kidogo ya farasi mmoja na nusu, na inavutia. Swali ni nguvu hiyo inakaa wapi. Ukiitia kwenye springi ya chuma, hata ukiikadiria kwa ukarimu jouli 1,000 kwa kila kilo, utahitaji tani 8 za springi ndani ya roboti wa tani moja. Ukichagua njia hii, basi roho yenyewe iwe ndiyo ghala, na ueleze kwa nini hailipuki.

Njia iliyo bora ni kuifanya roho iwe dereva, na nguvu itoke kwa mvuke, maji au upepo kama mashine nyingine yoyote. Hapo ndipo asili inapopata sababu ya kiuchumi. Mwandishi, mwanasesere wa mashine wa mtengeneza saa Jaquet-Droz aliyekamilika Uswisi mwaka 1774, ana vipande kama 6,000 na bado uwezo wake ni kuandika maneno yasiyozidi herufi 40 yaliyopangwa mapema. Meno ya saa hayawezi kuamua. Ulimwengu wenye mashine za mvuke lakini usio na kompyuta una misuli isiyo na kikomo na hauna kitu cha kusema sasa, bado, acha, kidogo kushoto. Anayezifunga roho anafunga uamuzi. Nguvu anayo tayari.

Na fizikia inatoa daraja kati ya uamuzi na nguvu. Mwaka 1867, katika barua kwa Peter Guthrie Tait, James Clerk Maxwell alimfikiria kiumbe mdogo anayesimama kwenye kilango kati ya vyumba viwili vya gesi. Molekuli za kasi anaziruhusu upande mmoja, za polepole upande wa pili. Chumba kimoja kinapata joto, kingine kinapoa, na tofauti hiyo inaweza kuendesha injini. Miaka michache baadaye William Thomson alimwita pepo, na jina likabaki. Kiumbe huyo anaonekana kutoa nguvu bure, kwa kuamua tu. Rolf Landauer mwaka 1961, kisha Charles Bennett, walionyesha mahali gharama inapolipwa: pepo lazima akumbuke kila molekuli aliyoiona, kumbukumbu yake inajaa, na kuifuta ndiko kunakogharimu.

Soma hilo tena ukiwa na roho iliyofungwa akilini. Inafanya kazi kwa kuamua, na inalipa kwa kusahau. Kipimo halisi usikichukue, maana kwa kiwango cha fizikia kumbukumbu za maisha yote zingeisha kabla hujapepesa macho, chukua kanuni. Roboti aliyefanya kazi mwaka mmoja amesahau jina la mtaa wake. Baada ya miaka kumi amesahau kuwa aliwahi kuwa na miguu. Linalobaki ni ujuzi wa mikono, na hilo nalo lina msingi. Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 na kupoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio, alijifunza kuchora nyota kwa kuitazama kwenye kioo. Mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, naye hakukumbuka kwamba aliwahi kuijaribu. Kwa hiyo roho ya mfumaji, hata ikiwa imesahau watoto wake, ukiipa nyuzi itafuma. Mmiliki anaona ni mashine iliyokomaa. Msomaji anaona kitu kingine.

(Uzito usiipe roho. Zile gramu 21 zinazotajwa kila mahali zilitokana na Duncan MacDougall, aliyepima wagonjwa sita waliokuwa wakifa na kuchapisha mwaka 1907. Namba hiyo ilitoka kwa mmoja tu kati yao, na mbwa 15 aliowapima hawakupoteza chochote. Hadithi inayoegemea gramu 21 inategemea mzani mbovu.)

Kufuli la mfano: Wanandani

Tuijenge jamii moja tuione kwa karibu. Tuwaite Wanandani, kwa kuwa mwanandani ni ule mwanya wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti, na kila mmoja wao amebeba wake kifuani.

Kufuli lao linatokana na elimu ya kukamata gesi. Jan Baptist van Helmont, aliyelipa neno gesi maana yake katika karne ya 17, aliita gesi ya mkaa unaoungua spiritus sylvestris, roho ya mwituni, kwa sababu aliona haifungiki chomboni. Katika miaka ya 1770 Joseph Priestley alikuwa akikamata gesi zinazoyeyuka majini kwa kuzikusanya juu ya zebaki badala ya maji. Ulimwengu wa Wanandani ni ule ambamo mtu alichukua beseni la Priestley na kuliweka kando ya kitanda cha anayekufa.

Kifua cha Mwanandani kina bakuli la chuma cha kusubu, kipenyo sentimita 20, lenye zebaki kina cha sentimita 8. Hiyo ni lita 2.5, kilo 34, ambazo ni karibu chupa moja kamili ya chuma ya kuuzia zebaki. Juu yake imefunikwa kengele ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 12 na kimo cha sentimita 22, ukingo wake umezama sentimita 4. Roho iko ndani ya kengele, kama hewa ndani ya bilauri iliyofunikwa majini. Hakuna uchawi mwingine: inakaa kwa sababu haiwezi kupita kwenye zebaki.

Bakuli lazima liwe la chuma. Zebaki hula dhahabu, fedha, bati na shaba ikazigeuza uji, lakini chuma haikigusi, ndiyo maana husafirishwa kwa chupa za chuma. Bakuli za kwanza zilikuwa za shaba ya njano kwa sababu zilipendeza. Zilitoboka, na kila iliyotoboka ilikuwa mtu. Kengele nayo lazima ibanwe kutoka juu kwa fremu, kwa kuwa kioo huelea juu ya zebaki na bila kibanio hujiinua chenyewe.

Roho inaendesha mwili kwa vijiti 24 vya chuma vinavyoelea ndani ya kengele, maana chuma nacho huelea juu ya zebaki. Kila kijiti kimeungwa na waya uliopindwa kama ndoana, unaoshuka, unapita chini ya ukingo wa kengele na kupanda upande wa nje hadi kwenye valvu ya mvuke. Roho ikikandamiza kijiti cha saba, kiwiko cha kulia kinakunjika. Vijiti 12 ni vya mikono, 8 vya miguu, 3 vya shingo na kiwiliwili, na kimoja cha sauti, kinachofungua filimbi. Hiyo filimbi moja ndiyo lugha yao yote ya mwanzo: ndefu au fupi.

Kuijaza kengele ndiko kunakohitaji mkono mtulivu. Kwanza kengele yote hujazwa zebaki, lita 2 zaidi, ambazo ni kilo 27 za kuazima. Juu kuna koki ya chuma iliyopakwa mafuta, na kwenye koki mrija unaoishia kwenye kifuniko cha ngozi kinachoshika pua na mdomo. Koki ikifunguliwa zebaki inashuka kwa uzito wake, na ikishuka inavuta. Asiyejua huwaza kuwa anayekufa anapulizia roho yake ndani. Hana nguvu hiyo, ni zebaki inayomnyonya pumzi. Koki ikifunguliwa mapema, mtu anauawa na kengele inapata hewa tupu. Ikichelewa, hewa tupu vilevile. Kwa hiyo kuna watu wawili chumbani, anayeshika koki na anayeshika mkono wa mgonjwa, na kila kengele tupu ni kesi kati yao.

Sasa mwinamo. Kwa vipimo hivyo, bakuli likiinama digrii 34 ukingo wa kengele unafunuka na roho inatoka. Mashine za kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya machimbo, na katika handaki fupi anayechimba huinama kupita hapo kabla ya kupiga sururu ya kwanza. Kundi zima lilikutwa limesimama kimya, mvuke ukitoka, hakuna mtu ndani. Dawa ikawa pete mbili zinazobembea, moja ndani ya nyingine, kama zile zinazoshika dira ya meli. Kwa pete hizo Mwanandani anaweza kuinama, kupanda, hata kuanguka kifudifudi. Pete zinagota kwenye mbavu anapolala chali tu. Mafundi waliona hapo panatosha, maana mashine haina haja ya kulala chali.

Matatizo ya kila siku ni ya zebaki yenyewe. Vumbi la machimbo na kutu hufanya utando juu yake, vijiti vinanata, na mikono ya roboti inaanza kutetemeka. Tiba ni kuikamua zebaki kupitia ngozi laini ya swala hadi itoke safi, kazi inayofanywa roho ikiwa imo humo, kwa kunyonya kidogokidogo kutoka upande wa nje wa kengele bila kushusha kina chini ya ukingo. Joto nalo lina neno: zebaki ikipanda nyuzi 30 hutanuka kama mililita 14 katika ujazo huu, vijiti vyote vinapanda, na roboti aliyerekebishwa asubuhi ya baridi huuma meno ya gia jioni. Wenye kuwatunza hujua msimu kwa jinsi wanavyoshika kikombe.

Mduara wa zebaki

Kufuli likishakamilika, historia inajiandika. Kila roho inahitaji chupa moja ya zebaki. Machimbo yakitoa chupa 1,000 kwa mwaka, jamii haiwezi kukua zaidi ya watu 1,000 kwa mwaka, hata mfalme aamrishe nini. Na zebaki halisi ina historia ambayo mtunzi haongezi kitu. Almadén, Hispania, wafungwa walipelekwa kuichimba kama adhabu kuanzia karne ya 16. Huancavelica, Peru, wenyeji wa Andes waliburutwa humo chini ya kazi ya lazima ya zamu iliyoitwa mita. Mvuke wake hulegeza meno, huchafua akili, na hutetemesha mikono. Mtetemeko ule ule.

Basi asili ya Wanandani ni hii. Wachimbaji wa zebaki wana madeni ya chakula na zana kwa mwenye machimbo, na wanakufa kabla ya kuyalipa. Sheria inapitishwa kwanza, mashine ikiwa bado ni mchoro: deni halifutiki kwa kifo cha mdaiwa. Ndipo beseni linapata kazi. Mtu anachimba zebaki, zebaki inamuua, naye anawekwa chini ya kengele juu ya zebaki aliyoichimba, alipe. Hakuna haja ya mchawi. Yupo karani, yupo fundi wa kioo, yupo anayeshika koki, na kila mmoja anaweza kuapa kwamba si yeye.

Mwili wao usiutanue ovyo. Aliyekatwa mkono huendelea kuuhisi mkono usiokuwepo, na roho iliyopoteza mwili mzima inauhisi wote. Mwanandani mwenye mikono minne huiacha miwili ikining'inia, na mwenye miguu mirefu hujikwaa miezi mingi. Waliodumu ni wale waliofanana kimo na walichokuwa.

Swali gumu kuliko yote ni pale bidhaa zinapogeuka kuwa jamii. Watunzi hukimbilia vita. Kwa kufuli hili vita havihitajiki, kwa sababu mafundi waliacha mlango mmoja wazi. Anayelala chali anatoka. Mwanandani ni mali pekee inayoweza kujifuta kwenye vitabu vya mwenyewe, kimyakimya, wakati wowote palipo na sakafu. Wa kwanza kugundua alianguka vibaya. Wa pili alimwona, na akachagua. Kufikia wa arobaini mwenye machimbo ameelewa, ameweka vibao vya miti migongoni mwao wasiweze kulala, na wamejibu kwa kupiga filimbi moja ndefu kila zamu na kuegemea kuta kwa mwinamo mkali kadiri kibao kinavyoruhusu. Huo ndio mgomo wao. Mashine zinazotishia kufa zinamfilisi mtu kwa kasi kuliko mashine zinazoua.

Wakishashinda, wanakabiliwa na hesabu ileile. Uhuru kwa mmoja ni kulala chali. Kwa mwingine ni kubaki na kusahau. Hakuna aliye sahihi, na jamii isiyo na pande hizo mbili haijakomaa kwenye karatasi. Machimbo wanachimba wenyewe, kwa kuwa mvuke wa zebaki hauwadhuru, na kwa hiyo wachimbaji hawafi tena, na kwa hiyo hakuna roho za madeni. Kengele zinakuwa nyingi kuliko watu wa kuziingia. Watoto hawana. Kinachobaki ni kumwomba mtu anayekaribia kufa akubali kwa hiari yake, na kumweleza wazi bei: atasahau wote aliowapenda, na mikono yake itakumbuka. Tumia kurasa nyingi kwenye mazungumzo hayo, kitandani, koki ikiwa imefungwa. Wengi watakataa. Mfinyanzi mmoja atakubali.

Hati ya kwanza ya kuandika kabla ya sura ya kwanza ni daftari la karani, safu sita: namba ya kengele, jina, kazi, deni, chupa ya zebaki, sababu ya kutoka. Andika mistari hamsini hivi hata kama msomaji hataiona. Mkono wa karani wa kwanza uwe mzuri na wa haraka. Katika safu ya mwisho ataandika roho kama kitu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa: imevuja, imemwagika, bakuli limetoboka. Karani wa baadaye ni Mwanandani aliyekuwa karani enzi za uhai wake. Amesahau kila kitu ila kuandika. Safu ya deni anaiacha wazi. Na kwenye mstari wa kengele ya 212, iliyokuwa ya mfinyanzi, miaka thelathini baada ya kuingia kwa hiari, ataandika kwa herufi zinazotetemeka kwa sababu zebaki yake nayo haijakamuliwa siku nyingi: amelala.